Gesi Iliyoisha Kati ya Beni na Butembo

Baba yangu alipita vizuizi viwili vya barabara akiwa amekwisha kufa, na kwenye vyote viwili mimi ndiye niliyewajibu askari kwamba amelala.

Sikujua kwamba nadanganya. Nilikuwa nimekaa mbele, kando ya shemeji yangu aliyeendesha, na kila nilipogeuka nilimwona mzee aliyefunikwa blanketi mpaka kidevuni, kofia yake ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, kichwa kimeegemea bega la dada yake. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa na kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Shangazi alikuwa akisogeza rozari kati ya vidole vyake kama alivyofanya tangu tulipotoka Beni. Tulikuwa wanne ndani ya gari lile, na mmoja tu kati yetu sisi tuliobaki ndiye aliyejua.

Nitalieleza jambo hili kwa mpangilio, kwa sababu nimelieleza mara nyingi bila mpangilio na kila mara nimekwama mahali pamoja.

Baba alizaliwa Butembo, upande wa Vulamba, lakini kazi yake ilikuwa Beni. Alishuka huko akiwa kijana kununua kahawa, na kahawa ilipopungua akaingia kwenye kakao. Kununua kakao mbichi maana yake ni kuichachusha kwenye masanduku chini ya majani ya migomba, kisha kuikausha. Jua likiwapo inaanikwa kwenye turubai. Mvua ikishika siku nyingi inaingizwa ndani, juu ya moto wa kuni, na mtu anakaa humo akiigeuza kwa reki ili isiungue. Baba alikaa humo miaka mingi. Moshi ulipotoka kwenye kakao ulibaki kwenye mapafu yake, na daktari wa Beni alipotuonyesha picha ya kifua, sehemu iliyopaswa kuwa nyeusi ilikuwa nyeupe kama ukungu wa asubuhi bondeni.

Kwetu hatusemi kwenda Butembo ukiwa Beni. Tunasema kupanda. Baba alipoona hawezi tena kutoka kitandani hadi dirishani bila kukaa chini katikati, alituambia, "Munipandishe."

Kila familia yenye mgonjwa Beni na nyumba Butembo inajua maana ya neno hilo. Mgonjwa husafiri kama abiria. Maiti husafiri kama faili. Maiti inataka karatasi ya hospitali, karatasi ya mji, gari la peke yake, na kwenye vizuizi askari wanaweza kudai sanduku lifunguliwe waone kama hamkuficha silaha. Tulichelewa hivyo kwa mama, akafia Beni. Sanduku lake lilifunguliwa njiani, mvua ikinyunya, na baba alisimama kando ameshika kifuniko kwa sababu hakutaka mtu mwingine akishike. Tangu siku ile alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kwa shangazi kila alipougua, hata mafua: "Mimi hapana. Mimi batanipeleka nikiwa muzima. Sitafunguliwa mu njia."

Daktari hakukataa. Alisema hospitali haina tena la kufanya isipokuwa oksijeni, na chupa za oksijeni hazitoki nje ya ukuta.

"Mais musikilize," alisema, kwa Kiswahili chetu ambamo mais ni lakini na donc ni basi. "Vumbi hapana. Moto hapana. Kama anapata moja kati ya hizo mbili, hatafika. Donc mufunge vioo, na gari iwe na clim."

Ilikuwa kiangazi, na barabara ilikuwa imechimbwa sehemu nyingi kwa ajili ya matengenezo. Malori yalipita yakiacha ukuta mwekundu nyuma yao. Kufungua vioo lilikuwa jambo lisilowezekana, na kuvifunga bila clim, ambayo ndiyo kiyoyozi, katika joto la Beni, lilikuwa jambo la pili lisilowezekana.

Gari tulilokuwa nalo lilikuwa jeep ya shemeji, mume wa dada yangu, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika na kuingia kwetu kupitia Uganda. Ilikuwa na kitufe cha clim, lakini kitufe hicho hakikuwa na kazi. Butembo ni mji wa baridi. Asubuhi watu huvaa makoti, na hakuna anayelipia mafuta ili apate baridi zaidi. Jambo la kwanza mnunuzi anafanya gari likifika ni kulipeleka kwa fundi aondoe mkanda unaozungusha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya clim. Mikanda hiyo unaikuta sokoni imefunga vikapu vya viazi, au shingoni mwa mbuzi. Kompresa isipozunguka miaka mingi, mipira yake inakauka, na gesi inatoka yenyewe bila mtu kujua wala kujali.

Nilipanda Butembo, nikaenda kwenye gereji tatu nikiuliza nani anaweza kurudisha clim. Kwenye ile ya pili mafundi waliacha kazi wakanikusanyikia.

"Clim? Hapa Butembo? Mama, uko na moto ya nini?"

"Fungua kioo tu. Mungu anatoa clim ya bure."

"Labda iko na bwana mupya wa Kinshasa, huyu mama."

Walicheka mpaka nilipowaambia ni ya nani. Hapo mmoja wao alijipangusa mikono akanipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwa mzee anayetengeneza friji za wauza vinywaji na zile kubwa za wauza samaki.

Huyo alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, amevaa kabuti ndefu, mwenye kuongea polepole. Hakucheka. Aliuliza safari ni lini, na shemeji alipolileta gari akafungua boneti, akarudisha mkanda mpya, akazungusha kompresa kwa mkono na kusikiliza. Kisha akatoa kwenye gunia pampu yake ya kuvuta hewa, ambayo ilikuwa kompresa ya friji ya zamani, imefungwa kwenye ubao na kuunganishwa bomba la shaba.

"Batu banafikiri kazi ni kuweka gesi," aliniambia. "Kazi ni kutoa hewa kwanza. Hewa iko na maji, na maji mu bomba inakuwa barafu, inafunga njia."

Aliunganisha manometa zake, saa mbili ndogo za duara za kupimia msukumo wa gesi, moja ya buluu na moja nyekundu, kila moja na sindano yake. Akawasha pampu. Sindano ya buluu ilishuka chini ya sifuri ikakaa. Alipoona imetosha alifunga koki, akazima pampu, akavuta kigoda.

"Sasa tunangoja. Sindano ikibaki pale, bomba ni nzima. Ikipanda, kuna mahali inapumua."

Tulingoja. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu. Mzee alitazama saa yake ya mkononi, mimi nilitazama sindano. Nina tabia hiyo ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu, ndiyo maana nina hakika na nilichokiona: sindano ilipanda. Haikupanda sana, labda unene wa ukucha.

"Unaona?" mzee aliuliza.

"Naona."

"Inaweza kuwa mpira ya manometa, iko muzee kama mimi. Inaweza kuwa mu gari."

Alitia gesi kidogo ili mabomba yapate msukumo, akachanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka povu kwenye kila kiungo kwa brashi ya kunyolea ndevu. Aliinama, akapaka, akangoja, akasogea. Hakuna povu lililovimba. Alipomaliza aliketi tena.

"Nje iko muzuri. Inabaki ile ya ndani," alisema, akaonyesha kwa kidole tableau, ule ubao wa mbele ya dereva. Nyuma yake, alieleza, kuna kitu kama redieta ndogo. Gesi inapita humo na feni inasukuma upepo wa kuingia garini kupitia hapo. "Ile siwezi kuipakaa sabuni. Lazima tutoe tableau yote. Siku mbili. Tatu, kama vis zenye zinaishikilia zimekwama."

"Papa, docta anamutoa mugonjwa kesho kutwa."

"Donc?"

"Donc weka gesi."

Hakuweka mara moja. Alifuta brashi yake kwenye kabuti. "Gesi inaweza kukaa mwezi, mama. Inaweza kukaa masaa. Mimi siko nabii."

"Safari ni masaa mawili na kitu. Weka."

Uamuzi ulikuwa wangu, na niliufanya nikiwa nimeiona sindano.

Mzee aliweka chupa ya gesi juu ya mizani ya sokoni, ile ya kupimia maharagwe, akawa anasoma mshale wake huku gesi ikiingia. Shemeji alikuwa ndani amewasha injini. Baada ya dakika chache bomba moja la alumini chini ya boneti lilianza kutoa jasho, kisha shemeji akatoa kichwa dirishani.

"Eh, shemeji. Kuja uweke mukono."

Niliweka mkono kwenye tundu la upepo. Ulikuwa baridi wa kuumiza vidole. Miaka yote ile kitufe kilikuwa pale, kikichezewa na watoto.

Kesho yake tulishuka Beni na shangazi. Njiani nilitaka kuwasha clim, shemeji akanizuia.

"Tuichunge. Ni ya papa."

Nilikubali. Niliona ni heshima, na niliona ni akili: kitu kinachotumika kinapungua, kama mafuta ya taa, kama mkaa. Tulishuka vioo vimefunguliwa, tukala vumbi tukiwa na furaha ya watu waliobeba zawadi wasiotaka kuifungua kabla ya wakati. Shangazi alijifunika kikwembe usoni, akalalamika kwamba anapelekwa Beni kama gunia la unga wa fufu.

Asubuhi ya kutoka hospitali shemeji aliwasha injini uani mapema, ili gari lipoe kabla baba hajaingia. Wauguzi wawili walimbeba kwenye kiti. Alikuwa amevaa shati lake jeupe lenye mfuko, na ndani ya mfuko karte yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, kwa sababu hakuwahi kupita kizuizi bila karte. Mlango ulipofunguliwa upepo ulimpiga usoni, akafumba macho.

"Butembo imekuja kunichukua," alisema.

Akawaambia wauguzi *wasingya*, asante ya kwetu, mmoja mmoja.

Shangazi hakupenda. Kwake, kama kwa wazee wengi wa milimani, baridi ndiyo mama wa magonjwa ya kifua. "Mutu wa mapafu munamuweka mu frigo kama samaki?" alisema akimfunga blanketi. "Nani alifundisha hii docta?"

"Acha, dada," baba alisema. "Samaki ya frigo inafika."

Alicheka kwa kicheko chake mwenyewe, na kicheko kikawa kikohozi, tukangoja kiishe ndipo tukaondoka.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa pale tunapotoka Beni. Baba alitoa karte mwenyewe kutoka mfukoni, akaiinua hadi kiooni. Askari akaangalia, akampigia saluti ya utani, baba akamrudishia. Hicho si kimoja cha vile viwili.

Baada ya hapo tulikutana na malori. Lile la kwanza lilipotupita hatukuona tena barabara, wekundu mtupu, lakini ndani hakikuingia kitu. Kwenye tableau kulikuwa na kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Nilikibonyeza ili clim isivute hewa ya nje, izungushe tu ile iliyomo. Nilijisifu moyoni kwa kukumbuka jambo hilo. Baba alitazama mashamba ya kakao yaliyopakwa vumbi, akataja wenyewe, huyu mwaminifu, huyu anaweka mawe kwenye gunia, maneno mawili matatu kisha pumziko. Nilihesabu mapumziko hayo. Hayakuwa yakiongezeka.

Tulikuwa hatujaanza kupanda mlima wa Kabasha aliposema, "Munasikia harufu?"

"Harufu gani, papa?"

"Tamu. Kama ndizi yenye iliiva sana."

Sisi watatu tulivuta pumzi. Sikusikia kitu.

"Ni parfum ya mwenye gari wa kwanza, papa," shemeji alisema. "Muzungu moja wa Japani."

"Japani hakuna bazungu," baba alisema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoweza kuapa kwamba niliyasikia.

Tulipanda Kabasha. Katikati ya mlima lori lilikuwa limekufa, na tulikaa nyuma yake muda mrefu, injini ikiwaka, mpaka vijana walipoweka mawe chini ya magurudumu yake na kutupatia njia. Nyuma yangu shangazi aliongea na baba kwa Kinande, sauti ya chini, mambo ya utotoni mwao, mbuzi fulani aliyekula kitabu cha sala. Sikusikia jibu, lakini baba hakuwa mtu wa kujibu hadithi anazozijua. Juu ya mlima kulikuwa na ukungu. Niliweka mkono kwenye tundu la upepo. Haukuwa wa kuumiza vidole tena, lakini huko juu hewa yenyewe ni baridi; kioo kilikuwa baridi, mlango ulikuwa baridi. Nilijiuliza kama clim inafanya kazi au ni nchi yetu tu, na sikuweza kutofautisha. Sikufungua kioo, kwa sababu malori yalikuwa bado yanapita.

Tulipita Maboya. Mbele yake kidogo kukaja kizuizi. Askari aliinama kwenye kioo changu, nikakifungua nusu.

"Mobange azali na nini?" aliuliza kwa Lingala. Mzee ana nini.

"Ni papa yangu. Tunatoka hopitali. Amelala."

"Usimuamushe, mutoto wangu," shangazi alisema kutoka nyuma. "Usiku hakulala."

"Bon. Mumufunike vizuri, mama. Huku ni baridi."

Cha pili kilikuwa mlangoni mwa Butembo. Askari wa pale alikuwa wa kufuata sheria. Nilimwambia amelala, alisema anaona, lakini karte yake iko wapi. Kabla sijageuka, mkono wa shangazi ulikuwa umekwisha pita kando ya sikio langu na karte ya baba. Askari aliisoma, akatazama kofia, akatazama blanketi, akairudisha.

Ni baadaye, nikiandika haya kwenye daftari, niliposimama hapo. Karte ilikuwa mfukoni mwa shati la baba, chini ya blanketi. Mahali fulani shangazi alikuwa amekwisha itoa.

Nyumbani Vulamba kitanda kilikuwa kimetandikwa na chai iko tayari. Dada yangu na majirani walikuwa wamesimama mlangoni. Shangazi alimwambia shemeji aingize gari hadi ndani ya ua, kisha akaomba geti lifungwe. Lilipofungwa, alifungua kitambaa cha kichwa chake, akakipitisha chini ya kidevu cha baba, akafunga fundo juu ya kofia. Nilimtazama akifanya hivyo na bado sikuelewa. Nilidhani ni baridi.

"Kaka yangu amefika," alisema. "Hakuna mutu alimufungua."

Alishuka, akasimama katikati ya ua kichwa wazi, na hapo ndipo alipotoa kilio.

Matanga yalipokwisha nilirudisha gari kwa mzee wa friji. Shemeji alikuja nami. Mzee alikuwa amekwisha kusikia. Alitupa mkono wa pole, akaunganisha manometa bila kuulizwa. Sindano zote mbili zilikaa kwenye sifuri. Akavua kofia.

"Iliisha."

"Lini, papa?"

"Sindano haina saa, mama."

Alitia gesi kidogo, akapaka sabuni. Kwenye valvu moja, ile ambayo yeye mwenyewe alipitishia gesi, povu lilivimba polepole, likapasuka, likavimba tena.

"Hii ni kosa yangu," alisema. "Mais hii peke yake haiwezi kumaliza gesi yote siku moja. Ingechukua juma." Akalala chini ya gari kutafuta bomba dogo linalodondosha maji ya clim. Kama redieta ya ndani inavuja, alisema, kunakuwa na mafuta ya kompresa kidogo pale. Lakini siku ya tatu ya matanga gari lilikuwa limeoshwa, juu na chini. "Nitoe tableau. Sitakuomba kitu."

Kisha akauliza, "Mulipokuwa munashuka Beni ilikuwa inatoa baridi mpaka wapi?"

"Hatukuiwasha," shemeji alisema. "Tuliichunga."

Mzee alimtazama shemeji kwa huruma. "Gesi hailiwi, mwanangu. Inazunguka tu mu bomba. Ukiwasha, ukizima, ni ile ile. Mungeiwasha mukishuka, mungejua kama inakaa."

Shemeji alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tairi.

Tableau haikutolewa. Dada yangu alikataa kuingia tena kwenye gari lile, na kabla mzee hajapata nafasi, shemeji aliliuza kwa mchuuzi wa viazi wa Lubero. Simlaumu. Mchuuzi, kama kila mtu, aliondoa mkanda.

Nilishuka Beni kumwuliza daktari. Nilimweleza kiasi cha gesi, vioo vilivyofungwa, kitufe nilichobonyeza, harufu tamu. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema gesi hiyo si sumu, na kwa kiasi kile mtu mzima wa afya asingejua hata kwamba ipo.

"Na kwa yeye?"

"Kwa yeye hata ngazi tatu zilikuwa mingi." Akaongeza, "Alikuwa na siku chache, hata bila gari. Hiyo naweza kukuambia."

Nililiandika jibu lake kama alivyolisema. Halikuwa jibu la swali langu.

Kama gesi ilivujia nje, kwenye valvu, basi baba alikufa kwa ugonjwa wake. Kama ilivujia ndani, aliivuta, katika hewa ambayo mimi niliifunga izunguke. Gari limekwenda, bomba limeoshwa. Kilichobaki ni kujua alikufa wapi, kwa sababu kama alikufa clim ikiwa bado inauma vidole, gesi ilikuwa bado kwenye bomba. Anayejua hilo ni mtu mmoja.

Nilimwuliza shangazi miezi miwili baadaye, akichambua maharagwe. Hakusita.

"Chini ya Kabasha. Kabla hatujapanda. Ile baridi yenu ilikuwa bado inapiga, vidole vyangu vilikuwa vinakufa."

Nililala vizuri majuma kadhaa. Kisha siku moja shemeji, aliyekuwa akijitesa kwa ajili ya mashimo aliyoyapita kwa kasi kule mlimani baada ya lile lori, aliniambia kwamba sasa ana amani: shangazi alimwambia baba alikufa Maboya, mahali tambarare, gari likitembea pole kama jeneza la askofu. Dada yangu alitusikia, akaacha kazi yake. Yeye aliambiwa ni juu ya mlima, kwenye ukungu, alipovuta hewa ya kwetu mara ya kwanza.

Nilirudi kwa shangazi. Nilimsomea sehemu zote tatu kutoka kwenye daftari.

"Kila mutu nilimupatia yake," alisema. "Unataka na ya wenzako?"

"Nataka ile ya kweli, shangazi."

"Ile nilimwachia kaka yangu."

Hajaniambia jingine. Mwezi uliopita tulipaswa kupeleka karatasi ya kutangaza kifo kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, kwa sababu shamba la kakao haliwezi kuandikwa kwa jina letu bila karatasi hiyo. Inataka mahali pa kufa, na sahihi ya shahidi aliyekuwapo. Karani, mtu mwema, alisema tuandike Butembo tu, ndivyo watu wote wanavyofanya. Nikaandika Butembo kwa kalamu ya risasi, nikampelekea shangazi atie sahihi.

Aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, miwani ya baba puani. Alipofika pale aliweka kalamu chini.

"Hapa ni uongo," alisema. "Mimi siweki sahihi ku uongo."

"Basi sema uandikwe ukweli."

Alikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akauliza kama nimekula.

Nimefuta Butembo. Karani anasema muda wa kutangaza unakaribia kwisha, na ule mstari bado hauna kitu.